Sifa za Mkono Mwepesi

Katika gereji heshima humwendea aliyeshusha injini. Vijana humzunguka, mwenye gari huanza kumwita "mkuu", na jioni habari hufika kijiweni kwamba leo fulani kafungua Subaru mpaka ikabaki ganda. Anayebadili plagi na eakilina, yaani chujio la hewa, hatajwi. Kazi yake huonwa kuwa ya kujifunzia, ya kumpa kijana aliyeletwa juzi na mjomba wake, ambaye bado anachanganya spana namba kumi na mbili na namba kumi na tatu. Mimi nina shauri jingine. Ukitaka kumpima fundi wa Bukoba, usimvizie siku anaposhusha injini, maana siku hiyo ana winchi, ana wasaidizi na ana kelele. Mtazame anapochomoa plagi ya nyuma kushoto kwenye Impreza yenye tabo, asubuhi, injini ikiwa imepoa, akiwa peke yake.

Nimeitaja Impreza kwa sababu ndiyo inayowatoa jasho. Subaru walianza kuuza gari lenye silinda zilizolala mwaka 1966, wakaliita Subaru 1000, na mtindo huo hawajauacha hadi leo. Kwenye zile Toyota za tabo zenye injini ya 1JZ, plagi zimepangwa juu kwa mstari. Ukiondoa kifuniko na koili zake, zote sita unazo. Kwenye Subaru bastola mbili huenda kulia na mbili kushoto, na plagi zinaingia ubavuni, zikiitazama chesisi. Nafasi iliyobaki hapo inapitisha kiganja, haipitishi bega. Upande wa kushoto lazima utoe betri, na mara nyingi tanki la maji ya waipa. Upande wa kulia hufiki popote mpaka utoe boksi la eakilina. Basi kazi zetu mbili zimefungwa pamoja na umbo la gari lenyewe: huwezi kuzimaliza plagi bila kukutana na chujio la hewa, na fundi mwenye akili huanzia hapo.

WRX ya kwanza, yaani Impreza ya tabo, ilitoka mwaka 1992. Mwaka 1997 dereva Colin McRae akashinda Safari Rally ya Kenya kwa Impreza ya buluu, na tangu hapo mapenzi ya Afrika Mashariki kwa gari hili hayajapoa. Zinatufikia zikiwa zimeshatumika Japani, zinashushwa Dar es Salaam, kisha zinakata nchi nzima kuja huku ziwani. Zikifika zinakuta mambo mawili ambayo mwenye gari wa Tokyo hakuyawaza. La kwanza ni kimo. Bukoba mjini tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya kumi ukilinganisha na ya Dar es Salaam. La pili ni vumbi. Mgeni hushangaa ukimwambia Bukoba kuna vumbi, kwa sababu amesikia habari za mvua tu, na kweli mvua yetu kwa mwaka hukaribia milimita 2,000. Aje mwezi wa saba. Apande kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu nyuma ya lori la ndizi, kisha aingie njia za udongo za vijijini Muleba, halafu ajipanguse uso kwa leso nyeupe.

Injini ya lita 2 isiyo na tabo, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika na pedeli imekanyagwa hadi chini, hukaribia kumeza lita 3,000 za hewa kila dakika. Weka tabo, na hesabu inapanda tena. Kwa uzito, kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Tunanung'unikia bei ya petroli kituoni na kusahau kwamba chakula kikubwa cha gari ni kile kisicholipiwa. Chembe ya mchanga iliyomo katika vumbi hilo ni ngumu kuliko kuta za silinda. Ikipita, inachanganyika na oili na kuwa msasa. Kinachoizuia ni karatasi iliyokunjwakunjwa ndani ya boksi la plastiki.

Watu wa ufuko huu si wageni wa jambo la moto na hewa. Mwaka 1978 Peter Schmidt, mwanaakiolojia, na Donald Avery, mtaalamu wa metali, waliandika katika jarida la Science juu ya matanuri ya kuyeyushia chuma ya Buhaya, eneo letu hili, yakiwemo mabaki ya Kemondo yenye umri wa miaka 1,500 na zaidi. Walidai kwamba mirija ya udongo iliingizwa ndani kabisa ya tanuru, hivyo hewa ya mivukuto ilipata joto kabla ya kuyafikia makaa, na moto ukazidi ukali. Wataalamu wengine wameipinga hoja ya kupashwa kwa hewa, na mabishano hayo yana wenyewe. Chuma chenyewe hakina ubishi: wahunzi hao walijua kwamba mwenye kutawala hewa ndiye anayetawala moto.

Kinachonichekesha ni kwamba gari la tabo hulipitia jambo hilohilo kinyumenyume. Tabo huikandamiza hewa, hewa ikikandamizwa inapata joto, na hewa ya moto ndani ya silinda huleta balaa: mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati, injini ikagonga, bastola ikapasuka. Kwa hiyo Wajapani hulazimika kuipooza kabla haijaingia. Ule mdomo ulio juu ya boneti ya WRX, ambao wengi hudhani ni urembo wa vijana, ndio unaoleta upepo wa kuipooza. Mhunzi alitaka hewa ya moto, fundi wa Subaru anaitaka baridi, na wote wawili wanajua kwa nini.

Turudi kwenye boksi. Fundi mzuri akilifungua hatazami eakilina kwanza. Anaingiza kidole kwenye bomba lililo ng'ambo ya chujio, upande unaopaswa kuwa safi, na kukizungusha. Kikitoka kikavu na safi, mambo ni mema. Kikitoka na tope jekundu, kuna njia ya panya mahali fulani: ukingo wa mpira haukukaa vizuri, klipu imevunjika, au karatasi imetoboka. Hapo ndipo utasikia mwenye gari akisema, "Si uipulize tu na kompresa, tuendelee?" Niliwahi kusikia fundi kijana akimjibu mzee mmoja kwa adabu, "Tata waitu, nikiipuliza itakuwa safi machoni pako tu." Alisema kweli. Upepo wa kompresa kwa nguvu yake yote huchana nyuzi za karatasi kwa matundu usiyoyaona. Chujio lililochafuka linapunguza nguvu za gari, nawe utajua. Lililotobolewa halikunyimi nguvu hata kidogo, na linaila injini kimyakimya. Kwa gari lenye tabo, pangaboi dogo linalozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika ndilo linalopigwa mchanga kwanza.

Nina neno pia juu ya zile koni za mashindano ambazo vijana huzifunga mahali pa boksi ili gari livute kwa mlio. Mlio ni mtamu, sikatai. Lakini koni iliyo wazi ndani ya boneti huvuta hewa ya moto iliyotoka kwenye injini yenyewe, na zile za pamba hupakwa mafuta ambayo yakizidi huenda kuichafua sensa ya kupimia hewa. Barabara ya mashindano ina watu wa kuisafisha koni kila jioni. Barabara ya Nshamba haina. Boksi la kiwandani lenye karatasi mpya linaifaa Kagera kuliko urembo huo, na fundi anayekataa pesa ya kufunga koni ana msimamo kuliko mimi.

Sasa plagi. Kabla ya kuigusa, fundi anatoa koili, kisha anapuliza ndani ya tundu. Hapo kompresa ina kazi yake halali: mchanga uliojikusanya shingoni mwa plagi ukiachwa, utadondokea ndani ya silinda mara tu plagi itakapolegea. Anaingiza soketi ya plagi yenye mpira ndani, anaunganisha mkono mfupi, anausukuma, anaunganisha mwingine, kwa kuwa ule mrefu haupiti penye chesisi. Haoni anachokifanya. Anasikiliza kwa vidole. Plagi ni chuma, silinda hedi ni aluminiamu, na katika ugomvi wa hawa wawili aluminiamu hushindwa daima. Ndiyo maana injini lazima iwe imepoa. Ikikaza, halazimishi. Anailegeza robo mzunguko, anatia tone la mafuta, anasubiri, anairudisha kidogo, anailegeza tena. Mtu wa pembeni atadhani anazembea.

Nne zikitoka zinalazwa kwenye kitambaa kwa mpangilio wao: ya kwanza na ya tatu ni za kulia, ya pili na ya nne za kushoto. Asiyezipanga amepoteza nusu ya kazi, kwa kuwa plagi kuukuu ni barua. Ncha yenye rangi ya buni iliyokaangwa nusu inasema silinda inaungua vizuri. Nyeusi kavu, petroli imezidi au moto ni hafifu. Yenye ulojo wa oili inakuelekeza kwenye ringi au mipira ya valvu. Na kama oili iko nje, juu ya kauri, ni mpira wa tapeti kava tu, usimtishe mwenye gari. Nyeupe yenye malengelenge ni hatari: silinda inapata joto kupita kiasi. Ukiona na vitone vidogo vya kung'aa, hivyo ni vumbi la bastola yenyewe. Mafundi wa Subaru huanza kuitazama ya nne, ya nyuma kushoto, kwa kuwa silinda hiyo inajulikana kwa kuteseka na joto kuliko wenzake. Mashine ya kupima itakwambia gari linamisi silinda namba fulani. Haitakwambia limekuwa likiishi vipi.

Za kuweka nazo zina mtihani wake. Kampuni ya NGK ya Nagoya, iliyoanzishwa mwaka 1936 na ambayo tangu 2023 inaitwa Niterra, huandika namba ya joto kwenye plagi: namba ikipanda, plagi ni ya baridi zaidi. Bosch huhesabu kinyume chake. Muuza duka asiyelijua hilo atakupa plagi inayoingia vizuri kwenye uzi na kuiua injini taratibu. Halafu kuna feki. Spea zetu nyingine zinapitia Mutukula kutoka Kampala, nyingine zinakuja na meli kutoka Mwanza, na katika njia zote mbili boksi zuri si ushahidi. Fundi huitazama kauri kama maandishi yamechapwa safi, huitazama ncha ya iridiamu kama imekaa katikati, kisha huchukua fila geji na kupima pengo. Kwa injini hizi za tabo pengo la plagi za platinamu ni milimita 0.7 hadi 0.8, dogo kuliko la magari mengi ya kawaida, kwa sababu cheche hupata taabu kuruka katika hewa iliyokandamizwa. Pengo likizidi, gari litatembea vizuri hapa mjini Kashai na kukosa pumzi mlimani.

Kufunga ndiko kunakonivutia kuliko yote. Fundi hachukui soketi. Anachukua kipande cha mpira wa mafuta, urefu wa mkono, anakivika mkiani mwa plagi na kuiingiza nacho, akiuzungusha mpira kwa vidole viwili. Uzi ukikutana sawasawa, plagi inaingia yenyewe. Ukienda mrama, mpira unateleza, na hakuna kilichoharibika. Plagi ikigota, ndipo soketi inapoingia, na kwa plagi mpya yenye gasketi nusu mzunguko au zaidi kidogo inatosha. Kitabu cha gari kinataka takriban niutoni-mita 21. Mwenye spana ya kupimia nguvu aitumie. Asiye nayo ajue pa kuacha. Kijana mwenye misuli hapo ni hasara.

Plagi hiyo, gari likienda saa moja kwa mizunguko 2,500 kwa dakika, ambayo ni kama safari ya Bukoba hadi Muleba, itapiga cheche mara 75,000. Hakuna atakayezihesabu, na kama kazi ilifanywa vizuri, hakuna atakayemkumbuka fundi.

Kwa hiyo, msomaji mwenye gari, usipunguze bei ya ufundi kwa sababu "ni plagi tu". Nunua eakilina mpya kabla ya kiangazi. Dai uoneshwe plagi kuukuu zikiwa zimepangwa kwa namba, na uulize kila moja inasema nini. Na ukimpata fundi anayepuliza tundu kabla ya kutia soketi, mwachie funguo, nenda kanywe kahawa, wala usimpigie simu kumharakisha.