Kihamba, Ustadi wa Ujirani

Vuli ikishakatika na masika bado hayajafika, Januari na Februari, joto la tambarare ya Moshi humfanya mtu atafute kivuli popote kilipo. Akipanda miteremko ya Kilimanjaro kuelekea Kilema, Marangu au Kibosho atakikuta kwa wingi, na pamoja nacho raha ndogondogo ambazo wenyeji huzihesabu kuwa kawaida tu: hewa laini chini ya migomba, maji yanayopita mferejini kando ya nyumba, bakuli la mtori, jirani anayekatiza uani na kusimama kidogo kupeana habari. Watu wengi huziita raha hizo neema ya mlima, yaani udongo wa volkano na mvua ya kutosha. Neema ipo, lakini nashikilia kwamba haitoshi kuzieleza. Kihamba cha Mchaga, hiyo bustani inayoizunguka nyumba, ni kazi ya mikono iliyofikiriwa sana, na raha zake ni mazao ya ustadi kama ilivyo mikungu yake.

Ushahidi wa kwanza umo katika mpangilio. Juu kabisa husimama miringaringa, miruka na migrevilea. Chini yake ni migomba, kisha mibuni, na chini ya mibuni magimbi, maharage na mboga, huku viazi vikuu vikipanda juu ya miti. Hakuna kilichojiotea hovyo kikaachwa bila sababu. Mruka huachwa kwa kuwa kivuli chake ni chepesi na mizizi yake huirutubisha ardhi, na mgomba huukinga mbuni dhidi ya jua kali. Mkungu ukishavunwa, shina hukatwakatwa likapelekwa zizini, ng'ombe akala, na samadi ikarudi migombani. Mwenye kihamba lazima ajue machipukizi yapi ya kung'oa na yapi ya kuacha, na tawi lipi likipunguzwa leo litampa mbuni mwanga wa kutosha msimu ujao. Watafiti Fernandes, O'Kting'ati na Maghembe, katika kazi yao ya mwaka 1984, walikuta vihamba vyenye wastani wa hekta 0.68 tu, na humo wakaorodhesha aina zaidi ya 100 za mimea. Aina nyingi kiasi hicho haziwezi kukaa pamoja mahali padogo hivyo, kizazi baada ya kizazi, bila mtu anayejua anachofanya.

Ushahidi wa pili uko kwa watu, maana ustadi huo huo wa kuviweka vitu karibu bila kimoja kukinyonga kingine ndio uliopanga ujirani. Maji ya mfongo, yaani mfereji wa asili, hushuka kutoka juu yakipita kwa wengi, kwa hiyo huenda kwa zamu, na mfereji husafishwa na wote wanaoutumia. Mpaka kati ya kihamba na kihamba huonyeshwa kwa isale, mmea ambao mkosaji huuchukua pia anapokwenda kuomba msamaha. Mwenye kugombana na jirani ana dawa ya ugomvi pale pale mpakani. Hata mbege ina hekima yake. Hupikwa kwa ndizi na ulezi, hutiwa uchungu kwa gome la msesewe, na baada ya siku chache huharibika. Kinywaji kisichowekeka humlazimisha mwenyewe kuwaita wenzake.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni sifa za mtu anayekuja Krismasi na kuondoka mwaka mpya. Vihamba vimegawanywa kwa watoto wa kiume hadi vimekuwa vipande, kahawa haisomeshi tena kama ilivyosomesha zamani, na vijana wamehamia Arusha na Dar es Salaam. Hoja hii ina kweli ndani yake. Lakini bei ya kahawa ilipoanguka baada ya mfumo wa nchi kugawiana mauzo ya kahawa katika soko la dunia kuvunjika mwaka 1989, aliyekuwa na kihamba kamili alipungukiwa na fedha, huku chungu chake kikiendelea kupata ndizi, magimbi na maziwa. Anayekata miti yote ili apate jua la nyanya huuza mapema, ila mbolea na unyevu alivyokuwa akipewa na miti hiyo sasa atavigharimia mwenyewe. Udogo wa eneo ndio unaoudai ustadi huu zaidi. Penye nafasi tele, hata mzembe hupata chakula.

Hoja nzito zaidi ni ya jasho. Majani ya ng'ombe hubebwa kutoka tambarare kwa kichwa, na kichwa hicho kwa kawaida ni cha mwanamke. Yeye ndiye anayeujua mgomba mmoja mmoja, lakini mila imekipeleka kihamba kwa mtoto wa kiume. Hilo halifutwi kwa kusifia kivuli. Linadai sifa ifike kwa mwenye ufundi, pamoja na haki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa ya ardhi, na ukoo unaojivunia kihamba hauna sababu ya kuiogopa, kwa kuwa urithi mkubwa kuliko udongo ni ujuzi, na sehemu kubwa ya ujuzi huo imo mikononi mwa mabinti na mama zao. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limekitambua kilimo cha vihamba cha Shimbwe Juu, kijiji cha mlimani humo humo, kuwa urithi wa dunia wa kilimo. Ni heshima stahiki, ingawa heshima haing'oi machipukizi. Raha za kihamba zitadumu palipo na mtu anayejua shina lipi likatwe mwaka huu, na mwenye haki ya kulikata.