Nguva wa Kitabuni na Nguva wa Baharini

Katika uhakiki wa fasihi ya watoto, kitabu cha picha hupewa nafasi ya mwisho, kana kwamba maneno yake machache hayastahili kupimwa. Makala haya yanashikilia kinyume cha hayo. Pale ambapo kitabu kimekusudiwa kumfundisha mtoto wa pwani kuhifadhi viumbe wa bahari yake, neno moja lililowekwa chini ya picha isiyo yake laweza kulitangua somo zima. Mfano wetu ni nguva.

Nguva ni mnyama, wala si samaki. Huzaa na kunyonyesha, hupumua kwa mapafu, na hula nyasi za bahari zimeazo katika maji ya kina kifupi. Jike huzaa mtoto mmoja, na huenda ikapita miaka kadhaa kabla hajazaa tena. Kwa hiyo vifo vichache tu kila mwaka vyatosha kulidhoofisha kundi. Mwezi wa Disemba 2022 shirika la IUCN liliwatia nguva wa pwani ya Afrika Mashariki katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, likikadiria kwamba waliokomaa hawafiki 250.

Tufungue sasa vitabu vya picha vya Kiswahili. Si nadra kulikuta neno nguva chini ya mchoro wa mwanamke mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki. Mchoro huo haukutoka Lamu wala Mafia. Ni binti wa bahari wa hadithi ya Hans Christian Andersen ya mwaka 1837, aliyeenezwa zaidi na filamu ya mwaka 1989. Naye alipotafutiwa jina la Kiswahili, alipewa la mnyama wetu. Hatukani kwamba wapwani wenyewe wana masimulizi yanayomfananisha nguva na mwanamke. Matiti yake, yaliyo karibu na makwapa, yamechangia. Lakini wasimulizi hao walimjua mnyama mwenyewe, na nyama yake ililiwa. Mtoto wa leo amepewa mfano bila ya kinachofananishwa. Akiambiwa kwamba nguva wanatoweka, ataelewa nini?

Wako waandishi ambao, kwa kuogopa utata, hukimbilia maelezo badala ya jina, kama kasa anapoitwa “kobe wa baharini”. Kosa hili ni dogo, ila lina gharama yake, kwani mvuvi humtofautisha kasa na ng'amba, ambaye magamba yake yalikuwa bidhaa ya thamani. Maelezo hayo huwachanganya wote wawili katika kapu moja.

La uzito zaidi ni usimulizi. Vitabu hivi hupenda kumpa mnyama kinywa cha kusema, na hapo hatuna ugomvi: sungura na fisi wamesema katika ngano zetu tangu zama. Ila sungura husema kwa hila na kwa tamaa yake mwenyewe; mnyama wa kitabu cha hifadhi husema kama afisa aliyekuja kuhutubia baraza. Tena humhutubia mvuvi, ambaye mchoraji amempa uso wa kikatili. Mtoto wa Kiunga au Kizingitini amfananishe nani na mvuvi huyo, kama si babake? Baba mwenyewe alitega jarife kwa ajili ya papa na taa. Nguva anasapo humo hawezi kupanda juu kuvuta pumzi, akafa maji. Hapana uadui hapo. Pana mnyama ahitajiye hewa, na wavu usiochagua.

Jambo hilo laweza kuchorwa waziwazi katika kurasa mbili zinazotazamana: pua juu ya maji, kisha pua chini ya jarife. Maneno yake hayana haja ya kuzidi sentensi moja kila ukurasa, na mwandishi angefanya vyema kumsomea nahodha mzee sentensi hizo kabla ya kumpelekea mchoraji.