Ufundi wa Kubana Kidonda

Barabara ya Rutshuru kwenda Goma hupita Kibumba, kati ya volkano za Nyiragongo na Mikeno, kisha huanza kuteremka. Mteremko huo ndio unaoipa chukudu uhai: mbao, magurudumu mawili, pedali hakuna. Ikishajazwa viazi na kabichi, uzito wake wenyewe huishusha kuelekea mjini, na mwenye chombo hubaki na kazi ya usukani na breki. Breki ikikataa, kando ya njia kuna mawe ya lava, na lava iliyopoa ina makali.

Kibumba imeandikwa sana kwa mambo mengine: kambi ya wakimbizi na kipindupindu cha 1994, waasi wa M23 na hafla yao ya kuikabidhi kwa kikosi cha Afrika Mashariki tarehe 23 Desemba 2022. Muuguzi anayempokea kijana aliyechanika mguu hana aliyemwandika. Kazi yake ikitazamwa kwa haraka huonekana si kazi: huweka kompresi juu ya jeraha, hubana, hunyamaza. Asiyejua hufunua kila mara achungulie kama damu imekata. Muuguzi stadi hachungulii. Hubana dakika 10 mfululizo, kwa sababu anayeziba mshipa si yeye. Yeye anawapa nafasi wenye kazi.

Wenye kazi ni pamoja na seli zinazotanda ndani ya mshipa, safu moja tu, nyembamba mno. Kila seli hutumia nguvu nyingi kuitoa kalsiamu nje. Ndani hubaki kiasi cha sehemu moja kwa 10,000 ya ile iliyo kwenye damu. Ubahili huo una maana. Palipo kimya namna hiyo, hata kalsiamu kidogo inasikika. Jeraha likitokea, kemikali ziitwazo trombini na histamini hugusa vipokezi vya seli, ghala la ndani huachia kalsiamu yake, kisha malango ya nje nayo hufunguka. Kiwango hupanda ndani ya sekunde chache.

Hapo vifuko vyembamba vilivyokuwa vikingoja husogea hadi kwenye utando, huungana nao na kumwaga vilichobeba. Kilichomo hasa ni protini ndefu iitwayo von Willebrand, iliyoviringishwa ndani ya kifuko kama ukambaa. Ikifika kwenye damu inayokimbia hunyooka na kuwa nyuzi zinazonasa chembe sahani. Ajabu ni kwamba mkondo mkali, ambao ungetarajiwa kuzing'oa, ndio unaoufanya uzi ushike vizuri zaidi. Chembe hizo hurundikana, na damu huanza kuganda juu yake. Baadaye kimeng'enya fulani huzikata nyuzi hizo vipande vifupi, maana zikiachwa zilivyo zingeziba hata mishipa isiyo na kosa.

Vifuko hivyo vilionekana kabla havijaeleweka. Mwaka 1964 Ewald Weibel, Mswisi, na George Palade, mzaliwa wa Romania, walivichapisha baada ya kuvikuta katika vipande vya tishu chini ya hadubini ya elektroni, wala hawakujua vina kazi gani. Ilichukua hadi 1982 kuthibitishwa kwamba ndimo protini ile inamohifadhiwa. Habari za kalsiamu ni za zamani zaidi: 1883, London, Sydney Ringer aligundua kwamba moyo wa chura ulikuwa ukidunda vizuri kwa sababu maji yaliyotumika yalikuwa ya bomba. Katika maji yaliyokenekwa ulizimika. Kalsiamu ya bombani ndiyo iliyokuwa ikiuendesha.

Protini yenyewe ilipata jina kwa daktari wa Kifini, Erik von Willebrand, aliyeandika mwaka 1926 juu ya familia ya visiwa vya Åland ambayo damu yao haikukata upesi. Wengi walioathirika walikuwa wanawake, na hilo lilimshangaza, kwani ugonjwa wa kutokwa damu uliojulikana wakati huo ulikuwa wa wanaume.

Watu wenye upungufu huo wapo kila mahali, na wengi hawajapimwa. Kwao seli huitika sawasawa, kalsiamu hupanda ipasavyo, lakini kinachomwagwa ni haba au kibovu. Ndiyo maana muuguzi makini, dakika 10 zikipita na kompresi bado inalowa, huongeza kompresi nyingine juu bila kuiondoa ya kwanza, huendelea kubana, kisha humgeukia mama wa mgonjwa: “Mama, huyu alipong'olewa jino, damu ilikata lini? Na wewe ulipojifungua?”