Mkono wa Papa Julius

Tulipomzika babu hapa Nyahanga, picha yake ilipelekwa studio ikakuzwe. Babu alikuwa katekista. Ikarudi haina makunyanzi, imekatwa kifuani, na nyuma yake wamemwekea kanisa la minara miwili ambalo hakuwahi kulikanyaga. Watu wakaisifu. Mimi ilinikera, na sikujua kwa nini mpaka nilipoitazama upya picha ya Papa Julius wa Pili, aliyoichora Raphael mwaka 1511. Iko National Gallery, London.

Ikuze kwenye simu uiangalie taratibu. Mzee ameketi upandeupande, macho yameinama, wala hana habari na wewe. Ndevu zile alizifuga kuomboleza baada ya kupoteza mji wa Bologna mwaka huohuo. Mdomo kaubana. Mkono wa kulia una kitambaa cheupe, kama mtu aliyesahau kwamba anacho. Wa kushoto umeshika kiti. Kwangu mimi mkono huo ndio picha yenyewe. Huyu ni Papa aliyekwenda vitani na majeshi yake, na sasa anashikilia mbao.

Dhahabu ipo. Pete ziko vidoleni, na juu ya nguzo za kiti kuna mbegu za mwaloni za dhahabu, kwa sababu ukoo wake, della Rovere, una jina la mti huo. (Uliyezoea kununua dagaa Kirumba Mwaloni usichanganye, huu ni mti.) Lakini jicho halikai kwenye dhahabu. Linarudi usoni.

Halafu kuna ile rangi ya kijani nyuma yake. Wataalamu walipoipiga picha hiyo eksirei, waligundua kwamba mwanzoni Raphael alichora pazia lenye nembo za Upapa, yaani funguo na taji. Kisha akazifunika zote. Akamwacha mzee peke yake na ukuta mtupu, na bado Vasari aliandika kwamba watu walioiona waliogopa kana kwamba Papa yu hai mbele yao.

Kijana wetu wa studio alikwenda njia nyingine kabisa. Alimfuta mtu, akaongeza kanisa.

Nilimweleza mama haya yote. Akaniuliza, "Kwa hiyo ulitaka watu wamwone babu yako kachoka?" Nikamwambia ndiyo. Hakufurahi, lakini jioni alinitolea ile picha ndogo ya mwanzo, isiyokatwa, ambayo mkono wa babu umeshika usukani wa baiskeli.