Majina ya Kupanga

Miongoni mwa wapenzi wa muziki wa soul wa Marekani wamo watu ambao kazi yao, tena ya kujitolea, ni kufumbua majina. Huichukua santuri ya mwaka 1962 au 1966 iliyoandikwa jina la mtu asiyejulikana, wakaisikiliza mara ishirini, kisha wakatangaza: huyu si fulani, huyu ni yule. Wapo wanaowacheka na kusema kwamba wimbo ukiwa mzuri, jina ni la nini? Mimi siwacheki. Naona wanafanya kazi ya uhakiki, na ya haki pia, ingawa si wote wanaoifanya vizuri.

Mfano ulio wazi ni wa Sam Cooke. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa sauti kuu ya Soul Stirrers, kikundi cha nyimbo za Injili kilichoheshimiwa sana katika makanisa ya Wamarekani Weusi. Wengi wa waumini wa enzi ile hawakuwa na mzaha katika jambo hili: anayemwimbia Mungu hamwimbii mwanamke. Kwa hiyo Desemba 1956 alipokwenda New Orleans kurekodi wimbo wa mapenzi, Lovable, kampuni ya Specialty iliutoa kwa jina la Dale Cook. Sasa tazama, msomaji, jinsi walivyojificha! Wimbo wenyewe ulikuwa ni Wonderful, wimbo wa Soul Stirrers, uliogeuzwa maneno tu. Sifa za Bwana zikawa sifa za binti. Sauti ilikuwa ileile. Na ile tabia yake ya kuichukua silabi moja akaipandisha na kuishusha kwa ulaini, kama mtu ashukaye ngazi bila haraka, ilikuwapo palepale. Alikuwa kama mtu aliyejifunika uso huku amevaa kanzu yake ileile inayojulikana mtaa mzima. Siri haikukaa.

Lakini mhakiki asiishie kusema "ni yeye". Aulize pia jina la kupanga lilimfanya nini mwimbaji. Kwa sikio langu, Lovable ni wimbo mnyonge. Katika Wonderful mwimbaji anaegemea kwa uzito wake wote juu ya jambo analoliamini. Katika Lovable anasikika kama mgeni aliyeketi ukingoni mwa kiti, tayari kuondoka akikoholewa. Mwaka 1957 akatoka na You Send Me kwa kampuni ya Keen, kwa jina lake mwenyewe, herufi e ikiwa imeongezwa mwishoni mwa Cook. Wimbo ukafika nafasi ya kwanza Marekani nzima. Maneno yake ni machache na mepesi kuliko ya Lovable, ila safari hii amekaa kitini sawasawa.

Hata hapo palikuwa na jina lililofichwa. Santuri ilimtaja mtunzi kuwa ni L. C. Cook, mdogo wake, kwa sababu ya mkataba wa utunzi uliokuwa bado ukimfunga Sam kwa Specialty. Jambo kama hili hakuna sikio litakalolifumbua. Mwalimu aliyesahihisha madaftari kwa miaka mingi humtambua mwanafunzi kwa mwandiko hata asipoandika jina, lakini mwandiko haumwambii nani aliyemfanyia hesabu zake. Ndiyo maana nawaheshimu zaidi wale wafumbuaji wanaopekua karatasi: namba zilizochorwa kwenye santuri karibu na kitovu chake, majina ya watunzi yaliyosajiliwa, orodha za wapigaji waliolipwa siku ya kurekodi. Mtu anayetegemea sikio tupu hupenda kusikia anachokitafuta.

Kesi ya James Brown inafundisha hilo. Alitaka kurekodi muziki wa dansi la mashed potatoes akiwa na bendi yake. Syd Nathan, mwenye kampuni ya King, akakataa. Brown hakukaa kimya. Akaenda Miami kwa Henry Stone, wakarekodi, na santuri ikatoka mwaka 1960 kwa jina la Nat Kendrick and the Swans. Kendrick alikuwa mpiga ngoma wake tu. Sauti ya Brown ikafunikwa kwa sauti ya mtangazaji mmoja wa redio, King Coleman, isije ikaleta kesi. Anayefumbua kwa sauti atasema kwa yakini kwamba huyu si James Brown, naye atakuwa amesema kweli na wakati huohuo amekosa yote. Brown yumo katika mpigo, katika namna bendi nzima inavyokanyaga pamoja. Na ukitega sikio utasikia makelele yake kwa mbali, chini ya yale ya Coleman.

Majina mengine yalikuwa utani tu. Mwaka 1968 Stevie Wonder alitoa santuri ya kinanda cha mdomo kwa jina la Eivets Rednow. Lisome kinyumenyume, basi, yameisha.

Yasiyo ya utani ni yale ambayo mwimbaji hakuyachagua. Mwaka 1962 Phil Spector alirekodi He's a Rebel mjini Los Angeles. Aliyeongoza kuimba alikuwa Darlene Love, lakini santuri iliandikwa The Crystals, jina la wasichana wengine waliokuwa New York na ambao hawakuimba hata neno moja ndani yake. Ikawa namba moja. Wale wasichana wakabaki na kazi ya kuimba jukwaani wimbo wasioujua; Darlene Love akabaki na ujira wa kutwa bila jina. Kisha akarekodi He's Sure the Boy I Love akitumaini kuwa sasa atatajwa, nayo pia ikatoka kwa jina la Crystals. Anayeniambia kwamba jina si kitu na alieleze hilo. Hadi 2011, miaka karibu 50 baadaye, ndipo alipoingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame kwa jina lake.

Nina ugomvi pia na wachezesha santuri wa kumbi za kaskazini mwa Uingereza, wale wa miaka ya 1970. Walizipenda santuri hizi kuliko Wamarekani wenyewe, hilo nawapa. Lakini ili wenzao wasizipate, walibandika majina ya uongo juu yake. Do I Love You ya Frank Wilson, iliyochapwa na Motown mwaka 1965 na karibu nakala zote zikaharibiwa, ilizagaa kwa nakala za magendo zilizoandikwa Eddie Foster, jina la mwimbaji mwingine kabisa. Wanamwita huyu kwa yule, na wote wawili wanakosa. Mwaka 2009 nakala moja halisi ilinunuliwa kwa zaidi ya pauni 25,000, fedha za wenye santuri, si za aliyeimba.

Nimalizie na Doris Duke, kwa kuwa yeye ndiye ninayemsikiliza zaidi. Alizaliwa Doris Curry huko Sandersville, Georgia, akarekodi kama Doris Willingham katika miaka ya 1960, kisha akapewa jina la tajiri mashuhuri wa tumbaku. Albamu yake, I'm a Loser, ilitayarishwa na Jerry Williams, aliyeanza kama Little Jerry na wakati huohuo alikuwa akijigeuza kuwa Swamp Dogg. Lakini watu hawa wawili waliojificha walitoa, karibu na 1970, muziki usiojificha hata kidogo: mwanamke anaimba aibu yake kama anayesoma barua kwa sauti chumbani. Anayetaka kusikia sauti hiyo ilivyokuwa kabla na atafute jina la Willingham, asianzie kwa Duke, maana huko atakutana kwanza na yule tajiri.