Riwaya Husomwa kwa Mabega

Mpe kijana wa kisiwa cha Funzi riwaya ya Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, kisha umpe na mwenzake aliyekulia ghorofani Nairobi. Wote wawili watamfuata mhusika mkuu, Rashidi, kwenye bandari ya Unguja hadi mgomo wa mwaka 1948, na wote wataielewa hadithi. Lakini kijana wa Funzi amewahi kushuka kwenye mashua maji yamepwa, gunia la unga begani, akakanyaga tope pembezoni mwa mikoko huku nyayo zikipapasa mahali pagumu pa kuweka uzito. Makuli wanapopinda migongo chini ya shehena, anasoma jambo ambalo mwili wake unalijua.

Kwamba mwili husoma si maneno ya kupamba insha. Mwaka 2004 Olaf Hauk na wenzake huko Cambridge waliwaingiza watu katika mashine ya MRI, wakawasomesha vitenzi vya kulamba, kuokota na kupiga teke. Watu wale walilala kimya bila kujitikisa, lakini kila kitenzi kiliamsha sehemu ya ubongo iliyo jirani na ile inayoamrisha ulimi, mkono au mguu. Miaka miwili baadaye watafiti wa Uhispania wakafanya hivyo kwa majina ya vitu vyenye harufu: kitunguu saumu, mdalasini, asumini. Sehemu ya ubongo inayopokea harufu ikachangamka kwa kusoma tu. Msomaji wa pwani atawaza kikuba, na atakuwa sawa.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Chicago, wa mwaka 2008. Sian Beilock na wenzake waliwasikilizisha wachezaji wa magongo ya barafuni, mashabiki wao, na watu wasioujua kabisa mchezo huo, sentensi zilizoueleza. Wale wenye uzoefu walizielewa vizuri zaidi, tena kwa msaada wa sehemu ya ubongo inayopanga mijongeo ya mwili. Weka kasia mahali pa gongo, nawe utaona kwa nini nasema mtoto wa wavuvi anayeifungua riwaya ya bahari au ya bandari haji mikono mitupu.

Na hapo ndipo ufundi wa mwandishi ulipo. Shafi angeweza kutuambia kwamba makuli walidhulumiwa, nasi tungekubali na kusahau. Badala yake anatubebesha mizigo yao. Said Ahmed Mohamed katika Utengano (1980) anatufungia ndani na Maimuna, mpaka siku binti huyo anapotoroka pumzi inamtoka msomaji pia. Mwandishi stadi huchagua kitenzi kama seremala wa majahazi anavyochagua ubao, kwa kujua utakapopinda. Kazi iliyobaki ni ya msomaji, nayo ni ufundi vilevile.

Ufundi huo hatuzaliwi nao. Stanislas Dehaene, mtafiti wa ubongo wa Ufaransa, ameeleza kwamba maandishi yana umri wa miaka elfu tano na kitu tu, muda mdogo mno kwa ubongo kujiundia kiungo cha kusomea. Kwa hiyo huazima sehemu ya kushoto, upande wa nyuma, iliyokuwa ikitambua maumbo na sura, na kuifunza herufi. Sehemu hiyohiyo humhudumia mtoto anayesoma alifu, be, te chuoni asubuhi na herufi za Kizungu shuleni mchana.

Mashine hizi za MRI, kwa kweli, hupima mwendo wa damu tu. Hazijui kama Kuli ni riwaya nzuri. Wala si kila utafiti wa usomaji umesimama: ule wa mwaka 2013 uliodai kwamba kurasa chache za fasihi bora humfanya mtu atambue zaidi hisia za wenzake ulirudiwa na wengine, wasipate matokeo yale.

Lakini liko jaribio moja ambalo ingefaa walimu wetu walizingatie. Mwaka 2012 Natalie Phillips, mtaalamu wa fasihi wa Chuo Kikuu cha Michigan State, akishirikiana na wanasayansi wa Stanford, aliwapa wanafunzi wa uzamifu sura ya Mansfield Park ya Jane Austen ndani ya MRI. Waliisoma kwanza kwa burudani, kisha kwa uchambuzi. Kila usomaji ulikuwa na ramani yake ya damu. Katika uchambuzi damu ilienea hata kwenye sehemu za mguso na mwendo, kana kwamba wasomaji wameingia hadithini kwa miili yao.

Ubongo, basi, unahitaji usomaji wa aina zote mbili, nasi mara nyingi hatuwapi vijana hata mmoja. Mtahiniwa wa KCSE hununua mwongozo, akakariri dhamira, maudhui na sifa za wahusika, riwaya yenyewe asiifungue. Mwongozo hauna gunia wala tope, na kwa hiyo mwili wa mtahiniwa haupati cha kusoma.

Walimu wa Msambweni, Lunga Lunga na Funzi, kabla ya kuuliza swali la dhamira, someni na wanafunzi wenu sura nzima kwa sauti. Kisha waulizeni ni wapi mabega yaliwauma.