Kabla ya Kushika Tupa

Bastola iliyokwama haifichi kwamba imekwama. Slaidi imesimama nusu njia, risasi imeinama mahali isipotakiwa, na hakuna kinachofyatuka. Kinachojificha ni sababu. Katika kazi zote za ufundi wa silaha, ninayoiheshimu kuliko nyingine ni ya yule mtu anayeletewa bastola ya namna hiyo, akahakikisha kuwa haina risasi, akaiweka mezani, na kwa muda mrefu asiiguse kwa chombo chochote.

Nazungumzia hasa M1911, ile bastola ya Colt iliyobuniwa na John Moses Browning, mzaliwa wa Ogden, Utah, mtoto wa fundi bunduki. Ndiyo iliyowafundisha mafundi wa Marekani sehemu kubwa ya wanachokijua kuhusu kukwama. Jeshi la nchi hiyo liliipitisha tarehe 29 Machi 1911, baada ya jaribio linalosimuliwa mpaka leo karakanani: bastola moja ilipigwa risasi 6,000, ikipumzishwa ipoe na kusafishwa kila baada ya awamu, nayo haikukwama hata mara moja. Mshindani wake, bastola ya Savage, ilipata hitilafu 37. Kwa hiyo fundi anayeletewa M1911 inayogoma ana jambo moja la kumpa moyo. Mashine hii iliumbwa ikifanya kazi. Ikiwa sasa haifanyi, kuna kitu kimebadilika, na kitu kilichobadilika kinaweza kutafutwa.

Ili kukitafuta, lazima kwanza ujue risasi inasafiri vipi. Aliye nje ya kazi hudhani kwamba inasukumwa tu kutoka kwenye magazini hadi chembani. Lakini magazini iko chini, ndani ya kitako, na chemba iko juu zaidi na mbele zaidi. Risasi ya .45 ni nene na fupi, kichwa chake kina uzito wa gramu karibu 15, na njia inayopita si nyoofu. Slaidi inaporudi mbele, sehemu yake ya chini huigonga risasi ya juu kwa nyuma na kuisukuma. Ncha hukutana na mwinuko uliochongwa kwenye fremu, hupanda, huvuka ufa mwembamba, hufika kwenye mdomo wa nyuma wa mtutu, kisha risasi nzima hujinyoosha na kuingia. Wakati huohuo, huku nyuma, ukingo wa ganda unapanda kwenye uso wa slaidi na kujipenyeza chini ya ndoana ya chuma, ileile ambayo baadaye italichomoa ganda tupu. Yote haya hutimia katika muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde.

Uzuri wa kazi ya Browning uko hapo kwenye kukabidhiana. Midomo ya magazini na ile ndoana huipokezana risasi kama watu wazima wanavyopokezana mtoto mchanga: huyu haachii kabla yule hajashika. Karibu kila kukwama ninakokujua ni makabidhiano yaliyoharibika, ama mmoja ameachia mapema, au mwingine amechelewa, au amekataa kabisa kupokea.

Na hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu hawatazami makabidhiano. Wanatazama mwinuko. Mwinuko unaonekana: ukifungua slaidi, upo mbele yako, unang'aa, una mikwaruzo ya shaba, na ncha ya risasi imekita papo hapo. Mwenye bastola anaona ushahidi umekamilika. Anachukua mashine ndogo ya kusagia au msasa, anasugua mpaka uwe kioo. Kwa mujibu wa michoro ya asili, mwinuko ule una nyuzi 31.5, na kati ya ukingo wake wa juu na mtutu lazima kuwe na nafasi ya milimita 0.8 hivi. Nafasi ile ina kazi. Mtutu ukijitokeza juu ya mwinuko, risasi inayopanda hugonga ukingo wa mtutu na kuusukuma mbele na juu kabla ya wakati wake. Kijana mwenye msasa hayajui hayo. Anaondoa chuma kidogo hapa, anaviringisha pembe pale, na bastola iliyokuwa na ugonjwa mmoja sasa ina miwili. Inaniuma kuziona fremu za namna hiyo. Unaweza kulipa mtu achomelee chuma kipya au apachike kipande, lakini chuma kile cha kwanza hakirudi. Zaidi ya hayo, mara nyingi mwinuko ulikuwa mzima.

Fundi wa kweli huanza kwa maswali. Inakwama risasi ya ngapi? Ya kwanza, ya mwisho, au yoyote? Kwa risasi za aina gani? Kwa magazini ipi? Swali hilo la mwisho mara nyingi humshangaza mteja, maana hajawahi kuzitofautisha magazini zake. Zote nyeusi, zote sawa, zote mfukoni. Fundi anazichukua na kuzipiga namba, moja, mbili, tatu, kwa rangi au kwa patasi ndogo. Katika kazi nzima hakuna kitendo rahisi kuliko hicho, wala chenye faida zaidi. Ukiiweka namba tatu na bastola ikakwama, ukaiweka namba moja ikala risasi zote saba bila shida, umeshamaliza nusu ya uchunguzi bila kulegeza skrubu hata moja.

Magazini ni bati lililokunjwa, springi, na kibati cha kuzinyanyua risasi. Ndiyo sehemu ya bei nafuu kuliko zote, nayo ndiyo inayodondoshwa sakafuni, kukanyagwa, na kuachwa imejaa droani miaka na miaka. Midomo yake ikitanuka kidogo tu, risasi inaachiwa mapema na kuruka bila mshikaji. Springi ikichoka, risasi hainyanyuki kwa wakati, slaidi inaipita mgongoni na kuikandamiza katikati ya ganda, au ncha inainama na kukita chini ya mwinuko. Kile kibati cha asili kina kinundu kidogo juu yake, cha kuizuia risasi ya mwisho isiteleze mbele kwa mtikisiko wa mlipuko. Watengenezaji wengine wamekiondoa ili kibati kiwe laini, kisha watu wakashangaa kwa nini risasi ya saba ndiyo inayoleta balaa.

Kila namna ya kukwama ina sura yake, na fundi hujifunza kuisoma kabla hajaivuruga kwa kuvuta slaidi. Slaidi ikibakiza milimita mbili tatu tu kufunga, yeye hufikiria uchafu chembani, ganda ambalo mdomo wake haukubanwa vizuri na aliyelijaza baruti upya, au ndoana inayobana kupita kiasi. Ganda tupu likisimama wima dirishani, hilo halihusu kula bali kutema, na uchunguzi wake unaanzia kwingine. Kwa risasi zenyewe kuna kipimo chepesi: mtutu huvuliwa, ukasimamishwa chemba ikiwa juu, na risasi ikadondoshwa ndani kwa uzito wake. Iingie kwa mlio mmoja na itoke mtutu ukipinduliwa. Isipofanya hivyo, kosa si la bastola.

Tatizo lililo gumu ni lile ambalo risasi imeshikwa sehemu tatu kwa pamoja. Ncha imegusa paa la chemba, tumbo la ganda limeegemea ukingo wa chini wa mdomo wa mtutu, na kitako chake kimebanwa kati ya slaidi na ndoana. Inaonekana imekaribia kabisa kuingia. Mara nyingine msukumo wa kidole gumba nyuma ya slaidi unatosha kuimalizia safari, na hilo lenyewe ni dalili: kuna kitu kinachokataa kutelezewa. Macho ya asiyejua yanarudi kwenye mwinuko. Ya fundi yanakwenda kwenye ndoana.

Ndoana ya M1911 ni kipande kimoja cha chuma cha springi, kirefu, kimelala ndani ya tundu upande wa kulia wa slaidi. Haina springi ya kuisaidia. Mbano wake wote unatokana na mpindo wake, na mpindo huo hauwezi kuonekana kwa macho matupu. Fundi huuhisi. Anavua slaidi, anaondoa mtutu, anachukua risasi bandia isiyo na baruti wala fataki, anaitelezesha kutoka chini kwenda juu, njia ileile inayopita yenyewe, mpaka ukingo wake uingie chini ya ndoana. Anaiachia. Risasi inabaki inaning'inia hewani, imeshikwa upande mmoja tu. Anaitikisa slaidi polepole, na inapaswa kuendelea kushika. Akiitikisa kwa nguvu ikadondoka, si kosa. Ikidondoka kwa mtikiso wa kwanza, mbano umelegea. Ikihitaji kusukumwa kwa nguvu ili ipande, mbano umezidi. Basi anaichomoa ndoana, anaiingiza tena nusu tu kwenye tundu lake, anaisukuma upande kidogo sana, anairudisha, anatikisa tena. Anaweza kurudia hivyo mara nyingi kabla ya kuridhika. Kisha anaichungulia kwa kioo cha kukuzia, aone kama pembe ya chini ya ndoana imelainishwa, maana ukingo mkali hapo huchimba shaba badala ya kuiacha iteleze. Alama ya kuchimbwa huonekana kwenye ganda: mkwaruzo mfupi unaong'aa, upande mmoja tu.

Kuna kosa moja la wenye bastola hizi linaloiua ndoana mapema: kudondosha risasi moja kwa mkono ndani ya chemba na kuiachia slaidi ijifunge juu yake. Browning alikusudia ukingo upande kutoka chini. Ukilazimisha ndoana iruke juu ya ukingo kwa mbele, unaipinda kila mara, mpaka siku moja haishiki tena.

Sitaki kuudharau mwinuko kabisa. Bastola ya 1911 iliumbwa kwa risasi ya kijeshi yenye pua ya mviringo. Baadaye wapiga shabaha wa mashindano, wale wanaokutana Camp Perry, Ohio, walipenda risasi zenye kichwa butu chenye ukingo mkali, kwa kuwa hutoboa karatasi tundu safi ambalo mwamuzi halibishanii. Zikaja pia zile zenye ncha iliyo wazi. Kichwa butu hakipandi kama pua ya mviringo, na mafundi walilazimika kupanua mdomo wa mtutu na kubadilisha midomo ya magazini ili iachie kwa namna nyingine. Hiyo ni kazi halali, yenye vipimo, na mtu akiifanya hufanya zaidi upande wa mtutu, kwa sababu mtutu ukiharibika hununuliwa mwingine. Fremu haiguswi ila kwa sababu iliyothibitishwa.

Ujuzi huu una shule zake. Chuo cha Trinidad, Colorado, kimefundisha ufundi wa bunduki tangu 1947, na kitabu cha karakana cha Jerry Kuhnhausen kuhusu bastola ya Colt .45 kimechakaa kwenye meza za mafundi wengi kwa mafuta ya vidole. Lakini kitabu hakiwezi kukupa subira ya kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha magazini, springi na aina ya risasi siku moja, bastola ikapona, hujajua chochote.

Wala si kila mara mgonjwa ni bastola. Slaidi hurudi nyuma vizuri pale tu fremu inaposhikiliwa imara. Kifundo cha mkono kikilegea, fremu inakwenda pamoja na slaidi, na slaidi inakosa nguvu ya kumaliza safari. Fundi hugundua hili anapoipiga bastola mwenyewe uwanjani na ikala kila kitu. Hapo inatakiwa busara. Nimempenda sana fundi mmoja aliyemrudishia mteja bastola yake na kumwomba wapige pamoja magazini mbili tatu, akasimama pembeni yake, akamsogeza kiganja juu kidogo kwenye kitako, bila kusema neno "kosa".

Baada ya matengenezo, bastola hairudishwi kwa sababu imekula magazini moja. Inapigwa kwa kila magazini ya mteja, kwa risasi zilezile anazotumia, ikishikwa imara na ikishikwa kwa mkono mmoja, ikiwa safi na ikiwa imeanza kuchafuka. Kinachokwama kinaandikwa: namba ya magazini, risasi ya ngapi, sura ya kukwama. Na magazini ikithibitika kuwa mbovu, yenye midomo isiyorekebishika, fundi haiachi mezani wala hamrudishii mteja kama kumbukumbu, maana atakuja kuijaza tena siku akiwa na haraka. Anaibana kwenye jiliwa na kukaza mpaka bati linalala, kisha anachukua namba inayofuata.